Namna ya Kumdanganya Roboti Bila Kukosa Usingizi

Anza na ngeli. Mwongozo wa kuishi na roboti unaorukia betri na nyaya kabla ya sarufi umeandikwa na mtu ambaye hajawahi kudanganya mbele ya kitu chenye macho. Roboti amesimama barabarani, au limesimama, au imesimama? Nilidhani hilo ni la walimu tu, mpaka dereva mmoja wa lori, Mtanzania, alipoegesha karibu na kibanda changu hapa Kakontwe akingoja injini ipoe. Alikuwa ametoka Kolwezi na shaba, anaelekea Kasumbalesa, na injini ilikuwa na moto wa kutosha kutupa saa nzima ya maongezi.

"Mbona rahisi, mzee wangu," akaniambia. "Akikuona unavunja sheria, huyo ni mtu: ameniona, amenipiga picha, ameniponza. Ukishavuka salama, hicho ni kitu: limesimama pale kama nguzo ya umeme."

Sijasikia tena nadharia ya uaminifu iliyonyooka namna hiyo, na yote yafuatayo nimeyajenga juu yake. Mwenyewe aliondoka bila kulipia maji ya kunywa, chupa mbili. Naichukulia kama ada ya masomo.

Kwa asiyetujua, Kakontwe ni upande wa Likasi wenye mawe ya chokaa na mapango. Wanajiolojia walilipenda jina letu, wakalibandika kwenye tabaka zima la chokaa linalopita chini ya Katanga mpaka Zambia. Kwa hiyo jiwe la Kakontwe huvuka mpaka bila kuonyesha karatasi wala kumwachia mtu ya sukari. Wenye jina lao tunaonyesha, na tunaacha.

Ukishamaliza ngeli, mjue unayetaka kumdanganya. Wazambia watakuchanganya, maana ukivuka mpaka utasikia roboti ni taa za barabarani, zile tatu za kawaida. Roboti ninayemsema mimi ana mikono. Alizaliwa Kinshasa mwaka 2013, kwa wanawake wahandisi wa shirika la Wotech, wakiongozwa na Thérèse Izay Kirongozi. Ana urefu wa mita mbili na nusu na uzito wa kilo 250 hivi. Mwili wake ni wa alumini ili ustahimili jua na mvua, na chakula chake ni hilohilo jua. Kifua kinazunguka, mkono unapanda, taa inageuka nyekundu au kijani, na kamera zinapeleka picha kituoni. Machi 2015 wakaongezwa wapya watatu, nao walikuja na majina yao kabisa: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Bei ya kila mmoja ilitajwa kuwa dola 27,500, na habari za siku zile zilisema wengine watano wanapelekwa Katanga. Ukishampa kitu jina, umekwisha: hutaweza tena kusema limesimama.

Madereva waliohojiwa Kinshasa walisifu. Wapo wenzetu wasiomheshimu polisi, walisema, lakini roboti itabidi aheshimiwe. Ikae hiyo akilini. Mtu anayekula na kulala, mwenye watoto wa kulipiwa shule, haheshimiwi, alumini inaheshimiwa. Sababu yake kila mwenye usukani anaijua. Rulaji, ndivyo tunavyomwita polisi wa barabarani huku kwetu, ana mfuko. Akikusimamisha, mazungumzo yanaanza kwenye leseni, yanapita kwenye taa ya nyuma isiyowaka, yanapumzika kidogo kwenye joto la siku, kisha yanafika nyumbani: "Papa, unipatieko ya maji." Roboti hana mfuko wala kiu. Kwa dereva mwenye makosa, huyo ni kiumbe asiyezungumzika, na asiyezungumzika anatisha kuliko mwenye bunduki.

Usikate tamaa lakini. Faini hailipwi kwa alumini. Nyuma ya kamera kuna chumba, ndani ya chumba kuna kiti, na kwenye kiti kuna mtu mwenye mfuko. Ukimpata huyo umempata roboti mzima pamoja na sola zake. Dereva wangu alilijua hilo kwa njia ya kwao. Tanzania kifaa cha kupima mwendo wanakiita tochi, na penye makazi ya watu ukizidi kilomita 50 kwa saa umepigwa tochi. "Tochi haina huruma," alisema, "ila mwenye tochi ana watoto." Tena madereva wamejitungia uaminifu wao wenyewe: anayetoka upande wenye tochi humwashia taa anayekwenda. Mtu ambaye hajawahi kumwambia jirani yake kwamba paa linavuja atamwonya mgeni kabisa, asiyejua hata jina lake, kwamba kona ya pili kuna askari chini ya mwembe. Tazama jinsi mashine inavyoeneza upendo.

Sasa sayansi, maana kudanganya bila sayansi ni ushamba. Mwezi uleule wa Machi 2015 Tamuke alipokuwa akisimikwa kwenye njia panda yake, huko Portland, Marekani, kulikuwa na mkutano wa watafiti wa roboti na binadamu. Guy Hoffman, Jodi Forlizzi na wenzao walileta matokeo ya jaribio lao. Walikuwa wameunda roboti wa kichwa tu, kinachogeuka huku na huku, na macho yake yakichezacheza kwenye skrini. Watu walipewa kazi ya kutazama nukta na kusema upande upi una nyingi. Ila upande mmoja ulilipa zaidi ya mwingine, hata ukiwa na nukta chache. Yaani ukisema kweli unapata kidogo, ukisema uongo unapata vizuri, na hakuna anayekagua. Baadhi yao waliachwa peke yao chumbani. Baadhi waliwekewa mtu aliyekaa tu bila kuwachunguza. Waliobaki wakawekewa kile kichwa, nacho kilikaa tu.

Makundi yote matatu yalidanganya. Liandike hilo ukutani kwanza, asije mtu akasema Wakongo. Ila walioachwa peke yao walizidi. Penye mtu uongo ulipungua, penye kichwa cha roboti ulipungua, na ulipungua sawasawa. Kichwa kisichoandika chochote, kisichopeleka picha popote, kilifanya kazi ya mtu mzima mwenye mshahara. Halafu ikaja ile habari inayoufanya mwongozo huu uwezekane: waliodanganya mbele ya roboti walijisikia na hatia ndogo kuliko waliodanganya mbele ya mtu.

Hayo yote dereva wangu, ambaye Portland hajaiota, aliyasema kwa viambishi viwili. Wakati wa kuogopa, *a-*. Wakati wa kujuta, *li-*.

Nasi wa Katanga tuko mbele yake hata huyo. Katika Kiswahili chetu cha mtaani baba iko ku nyumba na sahani iko ku meza. *Iko* moja inawatosha mzazi na chombo. Wenye Kiswahili sanifu hutucheka, hasa wale wa pwani waliozaliwa na ngeli mdomoni, lakini hawajapiga hesabu. Mtu wa pwani akidanganya mbele ya mashine, kabla ya kulala lazima ahamishe kiambishi. Sisi tunalala moja kwa moja.

Matumizi yake ni haya. Kama ni lazima udanganye, na mkoba wako wa tarehe 20 unasema ni lazima, tafuta mahali penye mashine. Hutapata pesa nyingi kama za aliye peke yake, lakini utaamka na hamu ya chai. Epuka kwa kila hali mama anayekaa mlangoni akichambua matembele. Hana kamera wala betri, na picha aliyokupiga mwaka juzi bado anayo.

Wasio na dola 27,500 waanze na karatasi. Mwaka 2006 watafiti wa chuo kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha jaribio la jiko la ofisini ambako kila mtu hujitilia kahawa kisha anatia pesa sandukuni, bila msimamizi. Juu ya bei walibandika picha, wiki hii ya maua, wiki ijayo ya macho ya mtu. Wiki za macho, pesa ilikaribia mara tatu ya wiki za maua. Baadaye wengine walikusanya majaribio mengi ya namna hiyo kuhusu ukarimu, wakaona nguvu ya macho ya karatasi imetiwa chumvi. Mimi nasema ilitegemea macho ni ya nani. Macho ya mtu usiyemdai wala asiyekudai ni mapambo.

Hadi hapa msomaji atadhani mdanganyifu husimama upande mmoja tu wa mashine. Hapo ndipo nawaomba mwiache Kinshasa na Portland, mje depo yoyote ya madini kati ya hapa na Kolwezi. Mchimbaji anafika na gunia lake mgongoni mwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Mnunuzi anatoa kitu mfano wa bastola nene. Tunakiita metoreksi, jina la chapa lililogeuka kuwa jina la kifaa chenyewe. Anakibana kwenye jiwe, miale ya eksirei inaingia, na baada ya sekunde chache namba inatokea kwenye kioo: shaba asilimia ngapi, kobalti asilimia ngapi. Namba hiyo ndiyo itakayosema kama watoto watakula na samaki au bila samaki. Wote wawili wanainama kuitazama, vichwa vimekaribiana kama wanaosali, na kioo kinapewa heshima ambayo wao hawapeani.

Malalamiko ya wachimbaji ni yaleyale miaka yote. Depo hii inasoma mbili, depo ya pili jiwe lilelile linasoma tatu na nusu. Wenye uwezo hupitisha mawe yao kwanza kwenye metoreksi ya mtu wanayemwamini, kisha wanakwenda sokoni na namba yao mdomoni, na mabishano yanaanza upya. Mchimbaji naye si malaika. Gunia likinyeshewa kidogo na chupa, mizani inafurahi. Ila unyevu uleule unaishusha namba ya metoreksi, kwa hiyo uongo wa maji hulipiwa ushuru na mashine ya pili. Fundi wa kweli anajua kipimo cha maji ambacho mizani inaona na metoreksi haioni. Elimu hiyo haifundishwi chuo chochote, na sitaifundisha hapa, kwa sababu nami sijaipata.

Kinachonivutia ni wanavyosema wakitoka. "Metoreksi inadanganya." Kifaa kilichowekwa tu na mkono wa mtu kinabebeshwa dhambi ya mkono, na mkono unabaki mweupe kama chokaa yetu. Ukimwendea mnunuzi, naye atakuonyesha kioo: "Si mimi, baba. Ni masini." Kumbe ile hatia iliyopungua Portland haikupotea. Iliwekwa akiba kwenye mashine. Basi, wewe unayefikiria kufungua depo, agizo langu ni fupi: usimwangalie mtu usoni unapomtajia bei, mgeuzie kioo. Akilia, alie na namba.

Kama hata hiyo ni kazi ngumu kwako, basi mtume mtu, au kitu. Wahenga walisema mjumbe hauawi, hawakujua mjumbe atakuwa programu. Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha majaribio ya Nils Köbis na wenzake. Watu walirusha dadu na kuripoti walichopata, huku namba kubwa ikilipa zaidi. Walioripoti kwa midomo yao, asilimia 95 walisema kweli. Kisha wengine wakaruhusiwa kuiachia kompyuta kazi ya kuripoti, wao wakiipa lengo tu: ielekee kwenye ukweli, au ielekee kwenye faida. Hapo zaidi ya wanane kati ya kumi walidanganya. Mtu hakulazimika kutamka "danganya". Alisogeza tu kidole upande wa faida, akaendelea na mambo yake. Huku tunamjua bosi wa namna hiyo tangu zamani. Haagizi uongo, anaagiza matokeo, kisha anakwenda kanisani. Kile Kifungu cha 15 ambacho kila Mkongo anakijua ingawa hakimo katika katiba yoyote iliyopo, kile cha jitafutie, sasa kimepata kompyuta.

Nimebakiza funzo la vitendo, na hapo nitakuwa mkweli kwa sababu hakuna roboti karibu.

Mimi nauza unga wa mahindi kwa meka. Meka ni kopo la bati ambalo mtaa mzima unalikubali kama kipimo, na la kwangu lina kitovu: kitako chake kimegongwa kikaingia ndani kiasi cha konzi moja. Kitovu hicho nilikikuta. Sikukigonga mimi. Sikukinyoosha pia. Na kwa kuwa mara nyingi naitwa nyuma ya nyumba, wateja wangu huwa wanajipimia wenyewe, na mkono wa anayejipimia huacha kilima juu ya meka. Kwa miaka kitovu changu na kilima chao vimekuwa vikisalimiana kwa amani.

Baada ya dereva kuondoka nikaingiwa na tamaa ya maendeleo. Nilichukua kopo la rangi, nikalipindua, nikagongomea vizibo viwili vya bia ya Simba mahali pa macho, nikatoboa mdomo kwa msumari, nikaliweka juu ya meza likiwatazama wateja. Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili watoto wakaanza kulisalimu, bonjour roboti, na mzee mmoja akaliuliza kama rais amelala vizuri. Siku ya tatu nilipotoka nyuma nikakuta unga kwenye gunia umekaa juu kidogo kuliko nilivyozoea. Nikaanza kutembea kama mtu mwenye kampuni.

Siku ya nne akaja mama mmoja wa mtaa wa chini, wa heshima, wa kwaya. Mimi nilikuwa nyuma, jicho kwenye tundu la bati. Alipima meka yake mpaka usawa wa mdomo, akasita. Akatazama vizibo. Kisha akafungua ncha ya kitenge chake, akamfunika roboti uso, taratibu, kama anavyofunikwa mtoto aliyelala, akaongeza makonzi mawili ya unga, akamfunua, akaacha pesa kamili mezani. Nilipenda sana ile heshima. Wale wa Portland hawakufikiria kuwapa watu wao kitenge.

Sikuweza kumwambia kitu. Nikisema nimeona, nitalazimika kueleza jicho langu lilikuwa wapi.

Kesho yake alirudi, na safari hii nilikuwepo, nikampimia mwenyewe. Alisimama akitazama mkono wangu unavyozama guniani, unavyopanda, unavyosawazisha juu ya bati kwa kidole. Hakutazama juu ya meka. Alikuwa anatazama chini yake.

"Papa," akasema, "hii kichwa inaangaliaka sisi tu. Muigeuzeko na kwenu."

Waliokuwa nyuma yake walinyamaza. Yeye alisema *hii*, kama mtu anayezungumzia kopo. Mimi nilipoinua mkono nilijisikia nikisema moyoni: ngoja nimgeuze. Nikamgeuza. Vizibo viwili vya Simba vikanitazama kifuani, kimoja kimepinda kidogo kwa sababu ya msumari wangu mbaya. Nikaichukua tena meka ya mama, nikatia konzi moja juu, nikasukuma kwake. Mteja wa pili alikuwa ameona. Wa tatu pia.

Gunia ambalo huniishia jioni, siku hiyo liliisha saa nane mchana, na foleni ilikuwa bado. Kitovu cha meka kipo mpaka leo. Nyundo iko kwa jirani, na jirani iko safarini.